Nilimbatiza Baba Siku ya Tatu Baada ya Kukata Roho

Mama Agustina mpendwa, shikamoo. Nakuomba unisaidie kabla ya Pasaka, maana maji yakishamwagika hayazoleki, na tafadhali usiandike gazetini jina langu wala la kijiji, sema tu ni mwanamke wa milimani huku upande wa mlima Sesean, miaka thelathini na tisa, sijaolewa, nakaa na mama yangu, na ni mwalimu wa watoto wa shule ya Jumapili mwaka wa kumi na moja sasa, na hilo la ualimu nalitaja makusudi kwa sababu ndilo linalonifanya nishindwe hata kujitazama kwenye kioo.

Baba yangu alikuwa mtu wa dini ya mababu, hakubatizwa, hakuwahi kufika kanisani isipokuwa siku ya kutengeneza paa, na hata siku hiyo alipanda juu, akaezeka, akashuka bila kuingia ndani, akasema kazi yake iko nje. Mama naye ni hivyo hivyo. Nilipobatizwa mimi Mama hakugomba, aliniambia tu, "Basi wewe utakwenda kwenu juu, sisi tutakwenda Puya waliko wazee wetu, kwa hiyo tuheshimiane tukiwa bado tuko nyumba moja." Alisema huku anapepeta mchele, wala hakuniangalia, na mimi tangu siku hiyo nimekuwa na ombi moja tu mbele za Mungu, kwamba tusitenganishwe, kwa sababu nawapenda wazazi wangu, Mama Agustina, na mbingu ambayo Baba hayumo sijui ningekaa humo nikifanya nini.

Oktoba ya mwaka juzi Baba akakata roho, ilikuwa asubuhi, ametoka kuwaangalia nyati wake, akaketi, akaegemea nguzo, akaishia hapo. Wewe unajua kwetu hatusemi amekufa, tunasema anaumwa, na atabaki kuwa mgonjwa mpaka nyati wa kwanza wa kuchinjwa aanguke siku ya msiba wake, hata ipite miaka mingapi. Tukamlaza chumba cha kusini, muuguzi akamchoma dawa ya kumhifadhi, na kila asubuhi nikawa nampelekea kahawa na sigara na kumweleza nyati wamelalaje, kama mtu yeyote anavyofanya kwa mzazi wake. Siku ya pili akaja Mzee Palimbong, ambaye ni mzee wa kanisa letu, akanipa pole, akanywa kahawa, kisha akanivuta pembeni akaniambia kwa upole kabisa kwamba kwaya haitaweza kuimba kwenye msiba wala mchungaji hataweza kuhubiri, kwa kuwa mgonjwa wetu si wa kundi. "Huyu si wetu, binti," alisema, "tumwachie Mungu." Neno hilo nililala nalo usiku kucha.

Ndipo ikanijia ile fikra. Nikajiambia, kama kijiji kizima kinasema Baba anaumwa, kama tunampelekea chakula na kumwomba radhi tunapopita mbele yake, basi bado hajaondoka, na kama hajaondoka, mlango haujafungwa. Najua inavyosikika, lakini siku ile ilinijia kama hesabu iliyokubali. Siku ya tatu asubuhi nikachukua birika la maji niliyokuwa nimechemsha kwa ajili ya kahawa yake, yalikuwa yamepoa, nikapiga magoti, nikammiminia kwenye paji la uso mara tatu kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na Mama alikuwa ameketi palepale ubavuni kwake anatafuna tambuu, akaniangalia mpaka nikamaliza, kisha akachukua ncha ya shuka lake, akamfuta uso, akasema, "Umemlowesha mgonjwa, atapata baridi." Mpaka leo hajaongeza neno juu ya jambo hilo.

Laiti ningeishia hapo. Siku ya nne akaja Mchungaji Yunus, kijana, ndiyo kwanza amehamishiwa kwetu, na mimi nikamwambia kwamba nilimbatiza Baba kabla hajakata roho, kwamba aliniomba mwenyewe na hapakuwa na muda wa kumwita mchungaji. Hakunihoji kama polisi. Aliuliza jambo moja tu, kama mzee alisema lolote, nami nikausikia mdomo wangu ukijibu, "Alisema, Yesu, nishike mkono." Mchungaji akavua miwani akalia. Baba yangu hakuwahi kusema hivyo, Mama Agustina, maneno ya mwisho ya baba yangu yalikuwa ya kunilaumu kwamba kahawa haina sukari.

Jina lake likaandikwa kwenye daftari la kanisa. Julai tukafanya msiba, nyati wakaanguka kama desturi, kwaya ikaimba, mchungaji akahubiri juu ya maneno yale matatu mbele ya ukoo wote na vijiji vyote vya jirani, watu wakalia, na mimi nikalia kuwapita wote, wanawake wakasemezana mtazameni binti mwenye imani. Natamani ardhi ingepasuka siku ile ikanimeza na nguo zangu nyeusi.

Sasa sikia habari ya mdogo wangu Tandi, maana yeye ndiye anayenifanya nikuandikie. Tandi alikaa ng'ambo ya bahari, Papua, miaka kumi na miwili akiendesha malori, akarudi kwa ajili ya msiba, na kwa ajili ya majogoo pia, kwani alikuwa mpiganishaji majogoo wa kujulikana tangu ujana wake. Siku ya mahubiri alisimama nyuma kabisa, mikono mfukoni, na mchungaji alipofika kwenye maneno yale Tandi akaketi chini palepale kwenye matope na suruali yake mpya. Hakurudi tena Papua. Jogoo wake mwekundu aliyekuwa akimlisha mayai mabichi kwa mkono alimchinja mwenyewe, akampika ndani ya mwanzi, tukamla, akasema biashara hiyo imekwisha. Tangu Agosti anakwenda darasa la ubatizo pamoja na vijana wa miaka kumi na sita wanaomcheka anaposoma kwa kufuatisha kidole, na siku moja aliniambia, "Dada, mimi nilijua kule juu si kwa watu kama mimi na Baba. Lakini kama mzee yule, na ukaidi wake wote, alishikwa mkono, basi na mimi nabisha hodi."

Kila tukimaliza kula ananiomba nimsimulie tena Baba alisemaje, nami namsimulia, na Mungu anisamehe, nimekuwa naongeza, sasa Baba wa hadithi yangu anatabasamu, ananyanyua mkono wa kulia, juzi nimemtoa na chozi. Nikianza tu kusimulia Mama huinuka akaenda kulisha nguruwe ambao ameshawalisha. Na sasa Tandi amemwita fundi wa kuchonga, anataka maneno yale yachongwe kwenye mlango wa mbao wa kaburi la Baba lililochimbwa pale jabalini, yawe tayari Jumamosi kabla ya Pasaka, kwa sababu Jumapili yenyewe ndiyo siku yake ya kubatizwa. Zimebaki wiki tatu.

Nikisema ukweli, Tandi atarudi kwenye majogoo na Papua yake, na mimi ndiye nitakuwa nimemfungia mlango wa uzima wa milele, maana aliufuata kwa sababu ya neno ambalo halikusemwa. Nikinyamaza, atasimama mbele ya kanisa juu ya uongo wangu, na mimi nitakuwa safu ya kwanza na watoto wangu wa Jumapili tukimwimbia. Na Baba yuko wapi? Hilo siwezi kumuuliza mtu yeyote hapa kijijini. Yale maji yalimfikia, au nilimlowesha tu?

Kuna jambo jingine dogo, nalitaja ili usije ukasema nimekuficha. Kama wiki mbili kabla hajakata roho Baba alikuwa ameketi chini ya ghala la mpunga, amekunywa kidogo ile pombe aliyokuwa akiigema mwenyewe, mimi natoka kwenda mazoezi ya kwaya, wenzangu wananingoja barabarani na pikipiki, akaniita, akaniuliza, "Huyo Yesu wako, anapokea mtu aliyechelewa?" Wenzangu walikuwa wanatazama, na Baba ananuka pombe, shati liko wazi mpaka kitovuni, nikaona haya, nikamwambia tutaongea nikirudi. Niliporudi alikuwa amelala, kesho yake yakaanza mavuno, basi hatukuongea tena. Ni hilo tu.

Nifanye nini, Mama?

Mwenye haya, milimani


MAMA AGUSTINA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa hasira, ya pili nikavua miwani kama mchungaji wako. Sasa keti, kwa sababu nitakugombeza kidogo.

Tumalize kwanza habari ya birika. Ulimbatiza maiti. Natumia neno ambalo kwetu halitamkwi ndani ya nyumba yenye mgonjwa, kwa kuwa wewe umejificha nyuma ya neno jingine mwaka mmoja na nusu. Mume wangu aliumwa miezi minane katika chumba cha kusini, kila asubuhi nilimpelekea kahawa na kumpa umbea wa sokoni, lakini jioni ni mimi niliyeimwaga ile kahawa, na nilijua kwa nini kikombe bado kimejaa. Desturi hii tumeachiwa ili tujifunze kuagana polepole. Hatukuachiwa ili tumzunguke Mungu kwa mlango wa nyuma. Mama yako ambaye hajabatizwa alilijua hilo kuliko wewe mwalimu.

Unauliza kama maji yalimfikia. Hayakumfikia, ubatizo ni wa walio hai. Lakini nani alikwambia wokovu wa baba yako ulikuwa ndani ya birika? Kama kuokoka kwake kulitegemea mkono wako uwahi na maji, basi mwokozi ni wewe, na kazi yako nimeiona, mwanangu, hatufiki mbali. Tunaokolewa kwa neema. Unawafundisha watoto hivyo kila Jumapili, wanakariri, unawapa peremende, kisha unarudi nyumbani kuiba kitu kinachogawiwa bure. Na uzima wa milele haumo kwenye daftari la Mchungaji Yunus ukaweza kuuchomeka humo kwa uongo. Ni kukaa na Mungu mwenyewe, na unaanza hapahapa, na wewe kwa sasa hukai naye, unamkwepa, unapita pembeni ya nyumba yake kama mtu aliyevunja chungu cha watu.

Baba yako yuko wapi? Sijui. Mchungaji wako hajui. Mzee Palimbong naye hajui, ingawa alisema jambo la kweli kwa namna mbaya: tumwachie Mungu. Wewe ulisikia tumtupe. Hivi huyo Mungu unayemwimbia kwa sauti mbili na tatu, ukiambiwa umwachie baba yako, unaona ameangukia mikono mibaya? Yule aliyemjibu mwizi palepale msalabani, bila maji, bila darasa, bila kwaya, ndiye aliye naye. Zaidi ya hapo sikuahidi, na atakayekuahidi zaidi, mwogope. Mimi mume wangu nimemwacha kwenye mikono hiyohiyo, na ninalala usingizi.

Sasa tuje kwenye aibu yenyewe. Umejaza kurasa kwa habari ya maji, na chini kabisa ukaweka mistari michache ukaiita jambo dogo. Dogo? Mzee aliyeezeka paa la kanisa akakataa kuingia ndani aliuliza swali moja, moja tu, na aliyeulizwa ni wewe, na jibu ulikuwa nalo. Lilikuwa neno moja. Anapokea. Pikipiki ingengoja. Ulimwonea haya baba yako mbele ya wanakwaya, hicho ndicho kinachokukondesha, na yote yaliyofuata, birika, maneno ya kubuni, chozi la kuongeza, ni wewe unahangaika kumjibu mtu aliyekwisha kuacha kuuliza. Haya, lia. Ukimaliza, litubu hilo kabla ya uongo, maana hilo ndilo kidonda. Na usidhani hilo halisameheki. Wewe nawe ni mtu aliyechelewa, na jibu lako ni lilelile ulilomnyima yeye.

Kisha uinuke ufanye kazi, kwa sababu mficha uchi hazai. Anza na mama yako, leo, ukishakunja gazeti hili. Mwambie umedanganya na kwamba unajua amekubebea siri hiyo muda wote. Nguruwe nao watapumzika, hata wao wamechoka kula. Kesho umwite Tandi, kabla fundi hajatoa patasi mfukoni, na umwambie wewe mwenyewe kwa mdomo uleule uliomdanganya, usimtume mchungaji, usimwandikie barua kama mimi. Mpeleke chini ya ghala la mpunga, pale alipokuwa ameketi baba yenu. Usijitetee kwa mapenzi. Kila mwongo ana mapenzi yake.

Ukitoka hapo nenda kwa Mchungaji Yunus akalifute lile jina. Ufunguo wa kabati la shule ya Jumapili mwekee mezani kabla hajauomba. Watoto watapata mwalimu mwingine kwa muda, na wewe utakaa benchi la nyuma ukisikiliza, haitakuua. Watu watasema. Waache waseme, wamekusifu bure tangu Julai, sasa wanarudisha.

Tandi atakasirika, na ana haki. Labda atakaa wiki nzima bila kukusemesha, labda atakwenda kuwaangalia majogoo wa watu. Lakini usimdharau mdogo wako. Mtu mzima anayesoma kwa kidole miezi minane kati ya vijana wanaomcheka hashikiliwi na maneno matatu ya dada yake. Kama kilichomshika ni hadithi yako tu, ni afadhali ikatike sasa, akiwa bado na muda wa kushika kitu kingine. Na kama aliyemshika ni Mungu, utaona mwenyewe kwamba hata wewe huwezi kumbandua.

Akishapoa atakuuliza, basi Baba alisema nini? Hapo usimwache mikono mitupu. Mpe alichosema kweli. Mwambie baba yenu, akiwa ameketi palepale, shati wazi, pombe kichwani, aliuliza kama Yesu anapokea mtu aliyechelewa, na kwamba wewe hukumjibu kwa sababu ulimwonea haya. Kama bado anataka maneno kwenye mlango wa kaburi, fundi achonge hilo swali. Ni la baba yenu, na kila atakayepita jabalini atalisoma na kujiuliza mwenyewe.

Halafu nyamaza, umtazame. Kwa sababu Tandi naye atakuuliza swali hilohilo, kwa mdomo au kwa macho. Na siku hiyo, mwanangu, hata kama kwaya nzima inakungoja barabarani na pikipiki zinaunguruma, usimwambie mtaongea ukirudi.